Pikipiki Milimani: Walioondoka Saba Warudi Saba



Wazee wanasema: ajali haina kinga. Methali hiyo tunaiheshimu, lakini kazini tumekwisha kujifunza kwamba ajali nyingi zina kinga, na kinga hiyo inaanza mbele ya ajali. Hakuna mfanyakazi anayeshuka chini ya ardhi bila kaske, bila taa, bila jetoni yake. Mwisho wa zamu ubao wa jetoni unatazamwa. Ikiwa jetoni moja haikurudi mahali pake, watu hawaendi nyumbani kulala: yule mwenzao anatafutwa kwanza.

Lakini siku ya mapumziko, mtu yuleyule anapanda pikipiki na rafiki zake kwenda milimani. Hakuna anayejua kwa hakika wameondoka wangapi, wamepita njia gani, watarudi saa ngapi. Bibi anaambiwa tu: "Tunaenda kutembea kidogo." Je, maisha ya mtu ni ya thamani kazini tu? Hapana. Mguu unaovunjika milimani ni mguu uleule unaofanya kazi, na watoto wanaongoja chakula ni walewale.

Hatuandiki ili kuwakataza kwenda. Mtu anayefanya kazi katika vumbi na kelele anahitaji hewa safi na furaha ya marafiki, na jambo hilo nalo ni afya. Tunaandika kwa sababu safari ya marafiki haina kapita. Hakuna aliyeagizwa kuangalia wengine. Basi kazi ya kapita inabidi kugawanywa kati ya wote, na kugawanywa nyumbani, wakati watu bado wana akili tulivu.

MLIMA WENYEWE

Sisi wa Lubumbashi tukisema milima, mara nyingi tunafikiri Kundelungu. Mji wetu uko kwenye urefu wa kadiri ya meta 1,200 juu ya bahari. Uwanda wa Kundelungu unapanda hadi karibu meta 1,700. Huko ndiko liliko poromoko la mto Lofoi, ambalo maji yake yanaanguka zaidi ya meta 300 kwa mruko mmoja. Ni moja ya maporomoko marefu kabisa ya Afrika, na tangu mwaka 1970 nchi ile ni hifadhi ya taifa.

Uzuri huo una bei yake. Njia inaanza kwenye barabara ya Kasenga, pamoja na malori ya samaki na wanaume wanaosukuma kinga zilizojaa mifuko ya makala. Baadaye ni udongo mwekundu, mchanga, mawe, na barabara yenye mawimbi kama bati. Juu ya uwanda nyumba ni chache sana. Simu inaweza kukaa saa nyingi bila kupata mtandao. Mtu akiumia mjini, baada ya nusu saa anaweza kuwa mbele ya mganga. Akiumia kule, nusu ya siku inaweza kupita, au siku nzima. Jambo hili moja ndilo linalotawala maonyo yote yanayofuata.

KIKAO CHA JUMA MOJA MBELE

Juma moja mbele ya safari, wote wanaokwenda wakutane. Kikao kifanyike kwa macho, si kwa ujumbe wa simu tu, kwa maana kwenye simu kila mtu anajibu "sawa" bila kusoma. Siku hiyo kazi zigawanywe:

1. Wa mbele. Anajua njia, na anakubali kwenda polepole. Si lazima awe mwenye pikipiki yenye nguvu kuliko zote.

2. Wa nyuma. Ni fundi, au mtu mwenye mkono mzuri wa ufundi. Hakuna anayebaki nyuma yake, hata kidogo.

3. Wa afya. Anabeba sanduku la dawa, naye ajue kulitumia. Mbele ya safari afike dispansari. Tutamwonyesha namna ya kufunga damu na kukaza mguu uliovunjika.

4. Wa hesabu. Anaandika esanse, maji, chakula na franga. Kila mnaposimama anahesabu watu kwa sauti.

5. Wa nyumbani. Haendi safari, lakini kazi yake ni kubwa kuliko zote. Tutarudi kwake mwishoni.

Siku hiyo pia muulize habari za njia. Ofisi ya hifadhi za taifa, ICCN, iko Lubumbashi. Ombeni ruhusa kwao na muulize hali ya usalama. Katika miaka hii sehemu za Upemba na za Kundelungu zimepata kusumbuliwa na watu wenye silaha. Wakisema msiende juma hili, msiende. Mlima hautahama.

Mkifika katika vijiji vya njiani, simameni, msalimu mfumu wa kijiji, mseme ninyi ni nani na mnakwenda wapi. Ni adabu, tena ni usalama. Mkipotea, yeye ndiye atakayesema: "Ndiyo, walipita hapa, walikuwa saba." Naye anajua kituo cha afya kilicho karibu, na ni nani kijijini mwenye gari.

MWEZI NA SAA

Mvua zinaanza kwetu karibu na mwezi wa kumi na moja na kuendelea mpaka mwezi wa nne hivi. Wakati huo udongo wa mteremko unakuwa kama sabuni na mito midogo inajaa kwa saa moja. Msiende. Miezi mizuri ni ya kiangazi, kuanzia mwezi wa tano. Lakini mkumbuke mambo mawili. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku juu ya uwanda ni kali, na mtu aliyeumia anapoteza joto upesi. Basi kila mtu awe na blanketi. Tena, kuanzia mwezi wa nane moto wa msituni unawaka mahali pengi. Msiingie katika moshi mkikisia kwamba njia iko wazi upande wa pili. Msilale katika majani marefu makavu, wala msiache jiko likiwaka.

Muondoke alfajiri, mara tu macho yanapoona njia. Ikiwa mnalala kule, muwe mmefika mbele ya jua kuanza kushuka. Ikiwa mnarudi siku ileile, saa ya kugeuka iandikwe nyumbani: kwa mfano, saa sita ya mchana, popote mlipo, hata kama poromoko liko nyuma ya kilima kinachofuata. Mtu aliye juu ya mlima anasema kila mara "bado kidogo tu". Ndiyo sababu hatumwachii kuamua kule. Giza linashuka upesi katika nchi yetu, na jiwe ambalo mchana ungeliona kwa hatua 50, usiku unaliona likiwa chini ya gurudumu.

HESABU YA ESANSE NA MAJI

Wengi wanahesabu esanse kwa mazoea ya mjini. Pikipiki ndogo inayokula litri 3 kwa kilometa 100 katika lami inaweza kula 4 au zaidi katika mchanga na mpando. Tufanye hesabu: ikiwa kwenda na kurudi ni kilometa 360, kwa litri 4 kwa kila kilometa 100, zinahitajika litri 14 na nusu hivi. Ongeza theluthi moja kwa kupotea njia na kwa kwenda kuita msaada: unapata zaidi ya litri 19. Tangi nyingi za pikipiki ndogo hazifiki hapo. Basi inayobaki ibebwe katika bidoni imara yenye kifuniko kizima, mbali na bomba la moshi. Chupa za maji zisitiwe esanse. Mtu mwenye kiu hunywa mbele ya kunusa, nasi wa dispansari tunajua mwisho wake.

Maji ya kunywa ni litri 4 au 5 kwa mtu kwa siku moja. Mtu anayepigana na usukani katika jua anatoka jasho sana, lakini upepo unalikausha naye hajui. Kichwa kikianza kuuma, mkojo ukiwa mchache na wa rangi ya chai, huyo amekwisha kuchelewa kunywa. Maji ya mto yachemshwe, au yatiwe vidonge vya kusafisha maji.

KASKE, USINGIZI, NA CHUPA

Kaske ya kazi si kaske ya pikipiki. Ile ya mgodini ilifanywa ili jiwe dogo likianguka kutoka juu lisipasue kichwa. Haikufanywa kwa mtu anayerushwa kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa. Ukianguka, itaruka upande wake na kichwa upande wake. Tafuta kaske ya pikipiki, inayokaa kichwani bila kucheza, na mkanda wake ufungwe chini ya kidevu. Kaske iliyoning'inizwa mkononi inalinda kiwiko tu.

Elimu hii iligharimu maisha ya watu. Mwezi wa tano wa mwaka 1935, Mwingereza maarufu T. E. Lawrence alianguka na pikipiki bila kaske, akafa baada ya siku sita. Daktari mmoja aliyemwangalia, Hugh Cairns, hakusahau. Wakati wa vita alichunguza askari waliopeleka barua kwa pikipiki, na mwaka 1941 aliandika kuonyesha jinsi kaske ilivyopunguza majeraha ya kichwa. Jeshi la Uingereza likawalazimisha askari hao kuvaa kaske. Uchunguzi wa baadaye wa nchi nyingi umeonyesha kwamba kaske inapunguza vifo vya waendesha pikipiki kadiri ya 40 kwa mia, na majeraha ya kichwa kadiri ya 70 kwa mia. Hakuna dawa katika kabati letu yenye nguvu hiyo.

Viatu vya kazi vinavyofunika kifundo cha mguu ni vizuri, pia miwani ya vumbi na glavu nene. Kapatulo na ndala ni vya kukaa barazani.

Sasa usingizi. Mtu aliyetoka zamu ya usiku asiondoke asubuhi ileile. Macho yake yako wazi lakini akili imelala nusu, na mkono unachelewa kushika freni. Alale kwanza usiku mzima. Ikiwa marafiki hawawezi kungoja siku moja, safari hiyo imekwisha kuanza vibaya.

Juu ya pombe tutasema kifupi. Simba na lutuku vinangoja nyumbani, baada ya kurudi. Hata chupa moja "ya kufukuza baridi" haifukuzi baridi. Inafungua mishipa ya ngozi na joto linatoka mwilini.

PIKIPIKI YENYEWE

Fundi azitazame zote siku mbili mbele, si usiku wa mwisho. Aangalie freni za mbele na za nyuma, mnyororo, magurudumu na waya zake, kabo za freni na za ambreyaji, taa, mafuta ya injini. Kundi libebe: mipira ya ndani miwili ya kila kipimo, pampu, gundi na viraka, buji, kabo moja ya ziada, kiungo cha mnyororo, funguo, waya na kamba. Mzigo ufungwe chini na katikati. Mzigo wa juu unamwangusha dereva katika mteremko.

NAMNA YA KUTEMBEA

Haya ndiyo mambo yanayosahauliwa na vijana wengi, nayo ni rahisi kabisa. Kila mtu anamchunga yule aliye nyuma yake. Usipomwona kwa kitambo, unasimama. Aliye mbele yako naye hatakuona, atasimama, na hivyo mpaka wa mbele. Kwenye njia panda hakuna anayekata kona kabla ya mwenzake wa nyuma kufika na kuona upande. Kwa desturi hii kundi haliwezi kukatika, hata simu zikikosa mtandao.

Dereva mchanga awekwe wa pili, nyuma ya wa mbele. Mwendo wake ndio mwendo wa wote. Akiwekwa mwisho atajilazimisha kuwafikia wengine, na hapo ndipo anapoanguka. Wachaneni nafasi mpaka vumbi litulie. Katika mteremko shusha gia, acha injini ishike, tumia freni zote mbili polepole. Hapa si mashindano ya manseba wanaogombea abiria. Mwenda pole hajikwai.

Karibu na poromoko, acheni pikipiki mbali na mtembee kwa miguu. Majiwe ya ukingoni yana utelezi, na picha nzuri inaweza kupigwa hatua kumi nyuma.

MTU AKIANGUKA

Tuseme mko saba, wa tano ameanguka katika mteremko wa mawe. Fanyeni hivi, kwa utaratibu huu:

Kwanza, mmoja arudi juu kusimamisha wanaofuata, mwingine azime injini iliyoanguka. Watu wawili wasiumie pamoja.

Pili, mwiteni kwa jina. Mtazame kama anapumua. Ikiwa hajitambui lakini anapumua, alazwe kwa ubavu, watu wawili au watatu wakimgeuza pamoja, kichwa na mgongo vikiwa mstari mmoja, ili matapishi yasimzibe.

Tatu, damu inayotoka kwa nguvu ibanwe kwa kitambaa safi na kiganja, dakika kumi bila kufungua kuchungulia. Kitambaa kikilowa, ongezeni kingine juu yake.

Nne, msimvue kaske ikiwa anapumua vizuri. Ikiwa hapumui, au anatapika na mdomo haufikiki, mmoja ashike shingo na kidevu imara, mwingine aivute polepole.

Tano, akisema shingo au mgongo unauma, au hasikii miguu, asiinuliwe, asikalishwe. Na hapa tunasema kwa sauti kubwa: MSIMWEKE KATI YA WATU WAWILI JUU YA PIKIPIKI. Tumeona desturi hii mjini kila siku. Mfupa wa shingo uliovunjika kidogo unaweza kumalizika njiani, na mtu aliyekuja kutembea hatatembea tena. Angojwe gari, abebwe juu ya ubao au mlango, amefungwa asicheze.

Sita, mguu uliovunjika ukazwe na vijiti viwili vilivyofungwa nguo laini, kupita kiungo cha juu na cha chini ya mvunjiko. Vidole vya mguu vibaki vinaonekana. Vikiwa baridi au vya rangi ya samawati, legezeni.

Saba, aliyepigwa kichwa achungwe usiku na mchana, hata akicheka na kusema ni mzima. Akitapika mara kwa mara, akisinzia kupita desturi, akichanganya maneno, au mboni za macho zikiwa hazilingani, hiyo ni safari ya hospitali saa ileile.

Mfunikeni blanketi. Msimpe pombe. Wawili waende kuita msaada, si mmoja, wakiwa na karatasi yenye mahali, saa na hali ya mgonjwa. Wengine wabaki naye. Sasa mnaelewa sababu ya esanse ile ya theluthi.

Sanduku la dawa liwe na: bendeji pana na za kukaza, pamba ya kufungia na vitambaa vya pembe tatu, glavu, mkasi, sabuni, parasetamoli, pakiti za chumvi ya kurudisha maji mwilini, vijiti viwili bapa, tochi. Pakiti zikikosekana: litri moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi.

KWAKO UNAYEBAKI NYUMBANI

Mama, karatasi iliyo hapa chini ni ubao wako wa jetoni. Usimruhusu mume au mtoto kuondoka bila kukuachia. Si ukali wala wivu. Ni haki yako kujua mahali pa kumtafuta.

Katika karatasi kuna saa mbili. Ya kwanza ni saa ya kurudi. Ikipita, piga simu kwao wote, kisha kwa jamaa za wengine. Usiogope bado, pengine ni gurudumu. Ya pili ni saa ya kengele. Hiyo ikifika bila habari, usingoje kuche, usione haya, usiseme "watanicheka". Wapigie wale watu walioandikwa: hifadhi, vijijini, mwenye gari, dispansari. Wakirudi dakika kumi baadaye wakikukuta umeamsha kambi nzima, sisi tutakuwa upande wako.

Nanyi wasafiri, mkifika mahali penye mtandao tumeni neno moja: tuko wote. Mkibadili njia, mwambieni kwanza aliye na karatasi. Karatasi isiyo ya kweli inapeleka watafutaji kwenye mlima usio wenu.

KATA, UJAZE, UACHE NYUMBANI

Tumeondoka siku ya ............ saa ............ Tuko watu ............
Majina yetu, simu na jamaa wa kila mmoja: ............
Pikipiki, rangi na namba: ............
Njia ya kwenda: ............ Njia ya kurudi: ............
Tutalala: ............
Wa mbele: ............ Wa nyuma: ............ Wa afya: ............
Saa ya kugeuka: ............
Saa ya kurudi nyumbani: ............
SAA YA KENGELE: ............
Wa kuitwa: hifadhi ............ kijiji ............ mwenye gari ............ dispansari ............
Tumerudi siku ya ............ saa ............ Tuko watu ............

Namba ya mstari wa mwisho ilingane na ile ya mstari wa kwanza.

USALAMA HAUNA SIKU YA MAPUMZIKO.